Nyonga Mpya, Paja Linalouma

Upasuaji ulikuwa wa nyonga, lakini kinacholalamika ni paja. Mgonjwa ameshatoka hospitalini, kidonda kimefunga, na ile nyonga iliyomnyima usingizi kwa miaka haimsumbui tena. Ila kila akiinuka kitini kuna mahali katikati ya paja, kwa mbele au kwa ubavuni, panapochoma na kuvuta. Ndugu wanamwambia avumilie. Jirani anamtajia mchuaji hodari wa mtaa wa pili. Duka la dawa la kona lina diclofenac ya kumwaga. Naye mwenyewe ameanza kujiuliza, bila kumwambia mtu, kama chuma kile kiliwekwa vibaya.

Mara nyingi hakikuwekwa vibaya. Mara chache kuna jambo la kushughulikiwa, na ukali wa maumivu haumsaidii mtu kutofautisha hali hizo mbili. Misuli iliyochoka inaweza kumliza mtu mzima, ilhali maambukizi yaliyojificha yakajionyesha kwa maumivu hafifu ya usiku tu. Kinachosema zaidi ni mahali yalipo, saa yanapokuja na kitendo kinachoyaamsha. Mgonjwa anayeyajua hayo matatu humwokolea daktari nusu ya kazi.

Paja huingia katika kesi hii kwa sababu ya namna kiungo bandia kinavyofungwa. Daktari hukikata kichwa cha mfupa wa paja kilichoharibika, huchonga mfereji wa uboho ulio ndani ya mfupa, kisha huingiza humo shina la chuma, mara nyingi lenye urefu wa sentimita 12 hadi 16. Juu ya shina hukaa kichwa kipya, na upande wa pili kikombe kipya hufungwa kwenye fupanyonga. Ncha ya shina huishia ndani kabisa ya paja. Mtu anayeweka kiganja mahali panapomuuma mara nyingi huwa amekiweka jirani na ncha hiyo bila kujua.

Shina hushikwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni saruji ya mifupa, aliyoitumia John Charnley, daktari Mwingereza aliyeijenga nyonga bandia ya kisasa katika hospitali ya Wrightington mwanzoni mwa miaka ya 1960. Saruji yenyewe ni ya ukoo mmoja na akriliki ya madaktari wa meno. Njia ya pili haina saruji: shina lenye uso wa kukwaruza hugongwa hadi likabana, halafu mfupa hai huota na kulishika. Kazi hiyo huchukua wiki 6 hadi 12 za mwanzo, na mfupa huendelea kujipanga upya kwa mwaka mzima na zaidi.

Maumivu ya paja yamehusishwa zaidi na njia hii ya pili, hasa mashina manene ya kobalti na kromiamu yaliyotumika sana miaka ya 1980 na 1990. Chuma hicho ni kigumu zaidi ya mara kumi kuliko mfupa. Titani ni laini zaidi, karibu nusu ya ugumu huo, lakini bado inauzidi mfupa mara kadhaa. Mtu akikanyaga, mfupa unapinda kidogo, chuma kinagoma kupinda, na mzigo hukusanyika kwenye ncha. Pale ndipo panapouma. Kwa wengi maumivu ya aina hii hupungua polepole ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili, mfupa unapomzoea mgeni wake.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza daktari ni la kifundi. Shina langu lina saruji au halina? Ni la chuma gani, la kampuni gani, na liliwekwa tarehe ngapi? Kila kiungo bandia huja na vibandiko vyenye jina na namba yake, ambavyo hubandikwa kwenye faili chumba cha upasuaji. Omba nakala, au piga picha kwa simu, kisha itunze pamoja na picha za eksirei. Ushauri huu una uzito wa pekee kwa mtu aliyepasuliwa Chennai au Delhi na sasa anafuatiliwa Mwanza au Mombasa na daktari ambaye hakuwepo siku ile.

Si urasimu wa bure. Agosti 2010 kampuni ya DePuy iliziondoa sokoni nyonga zake za ASR, ambazo kichwa na kikombe vyote vilikuwa vya chuma, baada ya takwimu za Uingereza na Wales kuonyesha kwamba takriban 12 hadi 13 kati ya kila 100 zilihitaji upasuaji wa marudio ndani ya miaka mitano. Zaidi ya watu 90,000 duniani walikuwa wamewekewa. Chuma kilichosuguana na chuma kilimwaga chembe za kobalti na kromiamu zilizoharibu nyama za jirani. Aliyejua jina la nyonga yake aliweza kwenda kupimwa damu na kupigwa picha. Asiyejua alibaki kusubiri habari.

Mahali na saa

Wiki sita za kwanza hazina mengi ya kuchunguza. Paja limevimba, limevilia damu hadi gotini, misuli imevutwa na kukatwa, na mguu wote ni mzito. Hayo ni ya kawaida mradi kila wiki iwe afadhali kuliko iliyotangulia. Mwelekeo huo una maana kuliko siku moja mbaya. Maumivu yaliyokuwa yakipungua kisha yakageuka na kupanda ni habari nyingine, nayo ifike kliniki.

Baada ya hapo, sikiliza maumivu yanaanza lini. Yale yanayompiga mtu anapoinuka kitini, yakamuuma hatua tano au kumi za mwanzo, kisha yakalegea akiendelea kutembea, yana sura ya shina ambalo halijashikwa vizuri, au lililowahi kushikwa na sasa limelegea. Hali yake ni kama ya mpini wa jembe uliolegea: pigo la kwanza huuchezesha, mapigo yanayofuata huukaza. Katika miezi ya mwanzo inaweza kumaanisha kwamba mfupa bado haujamaliza kuota. Yakitokea miaka minane au kumi baadaye, kwa mtu aliyekuwa akitembea bila shida, eksirei isingoje.

Maumivu ya kinenani husimulia habari tofauti. Huko ndiko kikombe kilipo, na ndiko inakopita kano ya msuli unaonyanyua paja. Kano hiyo ikisuguana na ukingo wa kikombe, mgonjwa huumia anapoinua mguu kuingia kwenye gari au kupanda kitandani, na hushangaa kwamba kutembea barabarani hakumuumi. Yapo pia ya ubavuni, juu ya ule mfupa uliojitokeza pembeni ya nyonga: hayo huuma mtu akilalia upande huo, na mara nyingi ni ya kano za misuli ya tako au vifuko vya maji vilivyo juu yake. Chuma hakihusiki. Mazoezi yanayofaa huwasaidia wengi wa kundi hili.

Kuna paja linaloungua kama lililomwagiwa pilipili, au lililokufa ganzi kwa nje, kiasi kwamba hata kanga ikiligusa inakera. Huo ni mshipa wa fahamu wa ngozi ya paja, ambao hupita jirani na mahali anapokata daktari anayeingilia nyonga kwa mbele. Ukivutwa au kujeruhiwa hulalamika kwa miezi, wakati mwingine kwa mwaka au zaidi, huku eneo la ganzi likipungua taratibu. Hauondoi nguvu za mguu. Mtu mwenye ganzi ya namna hii asijiwekee chupa ya maji ya moto pajani, kwa kuwa ngozi isiyohisi huungua bila taarifa.

Halafu upo mgongo. Mishipa ya fahamu inayohudumia paja hutokea kiunoni, na watu wanaobadilishwa nyonga wengi wao ni wa umri ambao uti wa mgongo nao umeanza kuchakaa. Maumivu yanayotoka kiunoni yakapita takoni hadi chini ya goti, yenye kuwasha na kuchomachoma, yanayozidi mtu akisimama kwenye foleni na kupoa akiinama kuegemea kaunta, yachunguzwe kwanza mgongoni. Kwa miaka mingi nyonga mbovu na mgongo mbovu vilikuwa vikilia pamoja. Nyonga imetibiwa, na sasa sauti ya mgongo inasikika peke yake.

Mfano mashuhuri wa mguu wenye sababu zaidi ya moja ni Papa Yohane Paulo wa Pili. Usiku wa Aprili 28, 1994, alianguka bafuni, akavunjika mfupa wa paja la kulia, akawekewa nyonga bandia katika hospitali ya Gemelli, Roma. Sinodi ya kwanza ya maaskofu kwa ajili ya Afrika ilifungwa mwezi uliofuata yeye akiwa bado amelazwa. Septemba 1995 alifika Nairobi katika ziara ya kuleta matunda ya sinodi ile, akiwa tayari mtu wa mkongojo, na mwendo wake haukurudi tena kuwa wa zamani. Ni rahisi kuilaumu nyonga kwa yote. Lakini mwili ule ulikuwa pia na ugonjwa wa Parkinson, ambao peke yake hukaza misuli na kufupisha hatua. Daktari anayetazama mguu mmoja tu wa mgonjwa wa aina hii hukosa nusu ya jibu.

Kwa Tanzania, Uganda na Kongo kuna sababu nyingine isiyotajwa sana katika vijitabu vya Ulaya: selimundu. Ugonjwa huu huua kichwa cha mfupa wa paja kwa kukinyima damu, na ndio unaowafikisha vijana wa miaka ya ishirini na thelathini kwenye upasuaji ambao kwingineko ni wa wazee. Nyonga mpya haiiondoi selimundu. Uboho ulio chini ya ncha ya shina unaweza kupata shambulio lake lenyewe, hasa mtu akikosa maji mwilini au akipata homa, na maumivu yakafanana kabisa na ya chuma kilicholegea. Wagonjwa hawa pia hupata maambukizi kirahisi zaidi. Kijana wa selimundu mwenye paja linalouma anahitaji daktari wa mifupa na daktari wa damu wazungumze, na kama hawazungumzi, yeye au mzazi wake awe mjumbe wao.

Kabla ya kwenda kliniki, tenga daftari dogo na uandike kwa majuma mawili. Usiandike insha. Mahali (chora mguu na utie alama), saa, ulichokuwa ukifanya, yalidumu dakika ngapi, nini kiliyatuliza. "Dokta, mguu unaniuma" humwacha daktari gizani. "Dokta, hapa mbele ya paja, kila nikiinuka, hatua kama nane, kisha yanaisha, na yalianza baada ya Pasaka" humpa pa kuanzia. Beba picha zote za eksirei, hasa ile ya kwanza baada ya upasuaji, maana kulegea kwa shina huonekana kwa kulinganisha picha za nyakati mbili. Picha mpya ionyeshe shina lote hadi chini ya ncha yake. Picha iliyoishia nyongani haina msaada kwa paja.

Yasiyongoja kliniki

Mguu ukivimba ghafla, shavu la mguu likawa gumu, la moto na lenye kuuma, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Hatari hii ni kubwa zaidi majuma ya kwanza na huendelea hadi karibu miezi mitatu. Bonge hilo likisafiri hadi mapafuni, mtu hukosa pumzi, huchomwa kifuani, pengine hukohoa damu. Hapo ni hospitali, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Na mguu uliovimba hivyo usichuliwe kamwe.

Nenda pia mara moja ikiwa umeanguka na huwezi kukanyaga, ikiwa mguu umeonekana mfupi na kugeukia ndani au nje baada ya kusikia kitu kikichomoka, ikiwa huwezi kuinua unyayo, au kidonda kinatoa usaha au majimaji siku nyingi baada ya kufunga. Homa yenye maumivu mapya ya paja ihesabiwe kuwa maambukizi hadi ithibitike vinginevyo.

Hapa ndipo kosa kubwa la mitaani linapotokea. Mtu anahisi joto kidogo, paja linauma hata akiwa amelala, anakwenda duka la dawa na kununua amoxicillin au ciprofloxacin ya siku tano. Homa inashuka. Wadudu waliojibandika kwenye chuma hawajafa, wametulia tu. Sasa daktari akichukua maji ya kiungo kwa sindano ili yaoteshwe maabara, hakuna kinachoota, na matibabu sahihi yanacheleweshwa kwa wiki au miezi. Ndiyo sababu madaktari hupenda mgonjwa awe hajatumia antibiotiki angalau wiki mbili kabla ya kipimo hicho, hali yake ikiruhusu. Kama umeshameza, sema: jina la dawa na tarehe. Vipimo vya damu vya kuanzia, CRP na ESR, havihitaji hospitali ya rufaa, na vikiwa vya kawaida vyote viwili humtuliza daktari kwa kiasi kikubwa.

Dawa, mikono ya watu na chale

Parasetamoli hudharauliwa kwa kuwa ni rahisi na kila mtu anayo. Ikimezwa kwa saa, badala ya kusubiri maumivu yapande, huwafaa wengi. Mtu mzima mwenye ini zima asizidishe gramu 4 kwa siku nzima, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwembamba sana au mnywaji wa pombe apunguziwe na daktari. Chunguza na dawa za mafua unazotumia, nyingi zina parasetamoli hiyo hiyo ndani yake.

Diclofenac na ibuprofen zina nguvu zaidi na madhara zaidi. Hutoboa tumbo, huchosha figo, hupandisha presha. Mgonjwa anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande, iwe rivaroxaban, warfarin au aspirini, akiongeza diclofenac anajiweka kwenye hatari ya kutokwa damu. Sindano ya diclofenac takoni, inayopendwa kwa sababu inafanya kazi haraka, haitibu chochote ambacho kidonge hakitibu, na upande wenye nyonga bandia ni bora usichomwe sindano bila sababu ya maana. Tramadol hulevya kichwa, na mtu mwenye kizunguzungu huanguka. Yale maumivu ya kuungua ya mshipa wa fahamu huitikia dawa za kundi lingine, kama amitriptyline ya dozi ndogo usiku au gabapentin, ambazo huandikwa na daktari.

Kuchua je? Mkono mwepesi juu ya misuli iliyokaza, mbali na kidonda kilichopona, baada ya miezi ya mwanzo na kwenye mguu usiovimba, hauna ubaya, na wengi hulala vizuri baadaye. Tatizo ni mchuaji anayetaka "kurudisha mfupa mahali pake", akaukunja mguu kifuani na kuuzungusha. Nyonga bandia huchomoka kwa mikunjo hiyo hiyo. Chale nazo hufungua ngozi juu ya chuma. Hapa hakuna nafasi ya kumridhisha shangazi.

Kulirudishia paja kazi

Misuli ya tako na paja ilikuwa imedhoofu hata kabla ya upasuaji, kwa miaka ya kuchechemea. Tako likiwa dhaifu, mtu huyumba upande mmoja kila akikanyaga, na paja hufanya kazi isiyo yake. Sehemu nzuri ya maumivu yanayobaki baada ya mwezi wa tatu ni uchovu huu, nao hautibiwi na kidonge.

Mazoezi yenyewe hayana mapambo. Ukiwa umelala chali, kaza msuli wa mbele ya paja kwa kusukuma goti chini, hesabu tano, achia. Kaza matako namna hiyo hiyo. Telezesha kisigino kuelekea takoni na kukirudisha. Baadaye simama umeshika meza isiyotikisika, peleka mguu uliopasuliwa pembeni bila kuinamisha kiwiliwili, urudishe polepole. Kisha kupanda na kushuka ngazi moja fupi. Mtaalamu wa fiziotherapia ataamua lipi lianze na lini, kwa kuwa aliyepasuliwa kwa nyuma na aliyepasuliwa kwa mbele hawana makatazo yaleyale. Muulize daktari aliingilia upande gani. Kipimo cha kujua kama umezidisha ni asubuhi ya kesho yake: maumivu yaliyoongezeka kidogo jioni na kutulia baada ya kulala yanakubalika, yakikuamkia, punguza zoezi kwa nusu badala ya kuliacha kabisa.

Mkongojo una adui mmoja, nao ni aibu. Vijana huutupa wiki ya nne, wanaume wazima huuficha wageni wakija. Ukishikwa kwa mkono wa upande wa pili, mkabala na mguu uliopasuliwa, hupunguza mzigo wa nyonga kwa kiasi kisichotarajiwa na fimbo nyepesi namna ile. Mpini wake ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, mkono ukiwa umening'inia. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na uliopasuliwa hutangulia kushuka. Uache mkongojo siku utakayoweza kutembea bila kuchechemea, hata kama siku hiyo ni mwezi wa nne.

Wengi huhisi mguu mmoja umekuwa mrefu. Miezi ya mwanzo hisia hiyo mara nyingi huletwa na misuli iliyokaza na kuinamisha fupanyonga, na hupotea yenyewe. Usikimbilie kwa fundi viatu kuongeza soli. Subiri upimwe, kwa kawaida baada ya miezi mitatu hadi sita. Ikibainika kwamba kweli kuna tofauti ya zaidi ya sentimita moja, hapo fundi viatu atafanya kazi nzuri kwa bei nafuu, akipewa kipimo kilichoandikwa.

Nyumba zetu zina mitego yake. Choo cha kuchuchumaa ndicho kibaya kuliko vyote kwa nyonga iliyopasuliwa kwa nyuma, ambayo katika wiki 6 hadi 12 za mwanzo huwa haitakiwi kukunjwa kupita nyuzi 90. Wenye choo cha namna hiyo huweka juu yake kiti imara cha plastiki kilichokatwa tundu katikati, kikiegemezwa ukutani. Kigoda cha jikoni kipishe kiti kirefu, na palizi iwe ya watu wengine msimu huo. Mwenye kuswali akae kitini, dini imempa ruhusa. Pikipiki, kwa jinsi inavyolazimisha kurusha mguu juu na kuusokota, ingoje. Kwenye gari au daladala ya kukodi, rudisha kiti nyuma, kaa kwanza, kisha ingiza miguu yote miwili pamoja. Usiku, mto kati ya mapaja huzuia mguu wa juu usivuke na hulipa paja nafuu ambayo haigharimu kitu.

Jihadhari pia na kujilinganisha. Andy Murray, mcheza tenisi wa Uskoti, alifanyiwa upasuaji wa nyonga Januari 2019 na Oktoba mwaka huo akatwaa ubingwa Antwerp. Upasuaji wake ulikuwa wa aina nyingine: kichwa cha mfupa hakikukatwa, kilivishwa kofia ya chuma, hivyo hana shina refu linaloshuka pajani.

Yakikataa kuondoka

Jarida la Lancet liliuita upasuaji huu wa nyonga upasuaji wa karne, mwaka 2007, na sifa hiyo inastahili. Hata hivyo uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya wagonjwa 7 na 23 katika kila 100, kutegemea utafiti, walibaki na maumivu ya kusumbua muda mrefu baadaye. Mwenye paja linalouma baada ya mwaka hayuko peke yake, na hajidekezi.

Kwa mtu huyo, kazi ya kwanza ya daktari ni kuondoa maambukizi, kisha kulegea, kisha ufa kwenye mfupa, kisha mgongo. Ikiwa vyote vimeondolewa na shina limeshikwa imara, wengi hushauriwa wangoje hadi mwaka wa pili huku wakiendelea na mazoezi, kwa sababu maumivu ya ncha ya shina yana tabia ya kufifia. Usingizi na hofu navyo vishughulikiwe: mtu asiyelala huumia zaidi, na anayeogopa kukanyaga hudhoofisha misuli ileile anayoitegemea.

Shina lililolegea au lenye maambukizi hurekebishwa kwa upasuaji wa marudio. Kulitoa shina lililoshikwa vizuri kwa sababu ya maumivu peke yake ni jambo la kupimwa kwa mizani nzito: mfupa umelikumbatia, huenda ukapasuliwa kwa urefu ili lichomolewe, damu nyingi zaidi hupotea, na maumivu yanaweza kubaki palepale. Daktari akilipendekeza, muulize ameona nini hasa kwenye picha, vipimo vya maambukizi vilisemaje, shina jipya litakuwa la namna gani na litashikwa wapi, na yeye mwenyewe amefanya marudio mangapi. Daktari mzoefu hatachukizwa na maswali hayo. Ukitaka maoni ya pili, omba nakala za faili na picha zote upeleke kwa bingwa mwingine wa mifupa, iwe Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam au hospitali nyingine inayofanya marudio ya nyonga mara kwa mara, na usikubali kupangiwa tarehe kabla hujapata majibu yake.